Kabla ya kuuliza bei, uliza betri

Kila kampuni inapotangaza kifaa kipya cha gemu cha mkononi, swali la kwanza ninaloulizwa na vijana wa hapa Kibirichia ni lile lile: "Kitauzwa pesa ngapi?" Swali zuri, lakini ni nusu tu. Nusu ya pili ni hii: kitakaa na chaji muda gani? Kwangu mimi hilo ni swali moja, na kampuni zinalijibu vibaya.

Tupige hesabu. Nintendo Switch 2 ilipotoka Juni 2025 iliuzwa dola 449.99 kule Marekani. Kwa kiwango cha wakati huo cha shilingi 129 kwa dola, hiyo ni kama Sh58,000, kabla ya usafiri, ushuru na VAT ya 16%. Nintendo wenyewe walisema betri itadumu kati ya saa 2 na saa 6.5. Oktoba mwaka huo ikaja ROG Xbox Ally X kwa dola 999.99, yaani takriban Sh129,000. Hebu mkulima wa hapa ahesabu hayo ni magunia mangapi ya viazi!

Ukipewa namba mbili za betri, amini ile ndogo. Namba kubwa ni ya gemu nyepesi. Gemu nzito, ile iliyokufanya utamani kifaa, ndiyo inayokula chaji. Ally X ina betri ya wati-saa 80. Kifaa kikila wati 35, gawanya mwenyewe: saa mbili na dakika chache, basi.

Mtasema waongeze ukubwa wa betri. Haiwezekani kirahisi. Kifaa kitakuwa kizito, na mashirika ya ndege huhitaji kibali maalum kwa betri inayozidi wati-saa 100. Kinachobaki ni kupunguza ulaji. Valve walionyesha njia: Steam Deck ya 2022 walisema hudumu saa 2 hadi 8, lakini ile ya OLED ya Novemba 2023, yenye betri kubwa kidogo na chipu isiyo na tamaa, wakasema saa 3 hadi 12. Sisi tunaoandika programu nasi tuna kazi: gemu ikichora picha 30 kwa sekunde badala ya 60, betri hupumua.

Historia pia iko wazi. Game Boy ya 1989 iliuzwa chini ya dola 90, haikuwa na rangi, na betri nne ndogo ziliiendesha zaidi ya saa kumi. Game Gear ya Sega ilikuwa na rangi zake za kupendeza, ikauzwa dola 149.99 na kumaliza betri sita kwa saa 3 hadi 5. Game Boy, pamoja na ile ya Color, iliuza zaidi ya milioni 118. Game Gear, karibu milioni 10. Nguvu nyingi haikushinda.

Huku kwetu jambo hili ni zito zaidi. Nokia 1100 ya 2003 ilitufundisha kwamba kifaa hukaa na chaji siku kadhaa, gemu ya nyoka ikiwemo. Na stima yetu mnaijua. Agosti 25, 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na vijijini hatungoji nchi nzima. Mtu aniambie ninunue pawabenki? Sawa, lakini iwe yenye wati za kutosha, na gharama yake iongezwe kwenye bei.

Wengi wetu tutavipata vikiwa mitumba, betri ikiwa imeshachoka. Ndiyo maana ninangojea Februari 18, 2027, siku ambayo sheria ya Umoja wa Ulaya itaanza kutaka betri za vifaa vya mkononi ziweze kutolewa na kubadilishwa na mwenye kifaa. Sheria si yetu, ila vifaa vikitengenezwa hivyo, fundi wa Meru mjini atafaidika.

Kwa hivyo kifaa kijacho nitakipima hivi: saa nne kwa gemu nzito kabisa, na betri ninayoweza kubadilisha. Kikikosa hayo, hata kikipunguzwa bei, mimi nangoja. Nawe usikimbilie kutoa pesa.