Pawabenki ya Pinki

Mwezi huu niruhusu niyaweke pembeni maswali yenu ya wivu na mahari, maana nina langu. Linahusu kitu kidogo cha kutia kwenye begi ambacho nusura kiniharibie safari, ndoa na heshima yangu kwa mama mkwe, vyote kwa usiku mmoja.

Ilikuwa Julai. Mimi na Baba Junior tulikuwa tumepanga kwa muda mrefu kutoka wawili tu, bila mtoto, bila kompyuta ya ofisini, tukatembee kwa miguu kwenye milima ya Usambara kuanzia Lushoto mpaka Mtae. Siku nne, begi mgongoni, kulala vijijini. Junior tulimwacha Tabata kwa bibi yake mzaa baba. Maandalizi tuligawana: yeye viatu, dawa na makoti, mimi chakula na mambo ya chaji. Nikaingia duka moja la mjini, nikaiona pawabenki ya pinki inayofanana kabisa na begi langu, imeandikwa 50,000 mAh kwa herufi za dhahabu. Shilingi 20,000. Nyepesi kama pakiti ya biskuti! Nikasema mwanamke mwenye akili ni mimi.

Basi liliacha barabara kuu pale Mombo, likaanza kupanda zile kona za Soni, hewa ikabadilika, na Baba Junior akanishika mkono kama enzi zile za chuo. Siku ya kwanza tulipita msitu wa Magamba, tukawaona mbega, tukapiga picha mpaka tukachoka. Yeye ana spika yake ndogo, hawezi kutembea bila muziki, basi ikachomekwa kwenye pawabenki. Mimi kila tukipata mtandao natuma picha. Hakuna aliyejali, si tuna 50,000?

Usiku wa pili tulifika kijiji kimoja bondeni, kwenye nyumba ya wageni yenye sola ya kuwasha taa mbili tu. Baridi kali. Simu ya Baba Junior ilishazima tangu mchana. Yangu ilikuwa na asilimia 4 pale ujumbe ulipoingia: "Junior anachemka sana. Nampeleka hospitali. Nipigieni." Nikaichomeka kwenye pawabenki. Taa zake nne zikawaka zote, zikacheza cheza, zikazima. Simu nayo ikazima.

Jamani, sijui nikueleze vipi ile dakika. Nilichomoa, nikachomeka, nikabadili waya, nikaipiga piga kwenye goti. Baba Junior amesimama gizani, kimya. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilijua." Wee! Hayo maneno mawili yalinichoma kuliko angenifokea. Nikamwambia kama ulijua mbona hukusema, na muziki wako je, nani aliyemaliza chaji kwa muziki? Akasema na picha zako je? Ndoa ya miaka sita, tunagombana kama watoto wanaogombea peremende, na mtoto yuko hospitali.

Kijana wa Kisambaa aliyekuwa akituongoza alitusikia, akaja na kitochi chake. Alikichaji kabla ya kutoka Lushoto na bado kilikuwa na chaji tele. "Dada, pigeni na hii." Nikakipokea. Nikamgeukia mume wangu, "Namba ya mama?" Akasema, "Iko kwenye simu." Mimi pia, iko kwenye simu. Ya dada wa kazi, iko kwenye simu. Ya jirani, vivyo hivyo. Namba pekee niliyoijua kwa kichwa ni ya Baba Junior, na simu yake ilikuwa mfukoni mwake, imekufa. Nikamuuliza, "Na wewe yangu unaijua?" Akaanza vizuri sifuri saba, halafu akanyamaza. Hilo tuliliweka pembeni kwa muda huo, ingawa mimi sikulisahau.

Kijana ndiye aliyetuokoa. Akauliza kwa nini nisitoe laini yangu niiweke kwenye kitochi chake, kina nafasi ya laini mbili. Shida ni kwamba laini za simu zetu hizi ni ndogo mno, zinacheza ndani ya kitochi. Akakata kipande cha boksi la kiberiti, akatengeneza fremu, akashika na salotepu, akaweka. Mara ya tatu mtandao ukasoma. Majina hayakuwemo, siku hizi yanakaa kwenye simu na si kwenye laini. Ila ujumbe wa pili wa bibi uliokuwa umekwama ukaingia, ukiwa na namba yake. Nikapiga. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mmezima simu mnafanya nini huko?" Sikujibu. Kumbe mtoto alishapimwa, malaria hakuna, ni koo, kapewa dawa na amelala. Nilikaa chini palepale kwenye ngazi nikalia. Baba Junior akanivika koti lake, na hatukuongea tena mpaka asubuhi.

Tuliporudi Dar nilimpelekea fundi ile pinki aifungue. Ndani palikuwa na seli moja ndogo na kipakiti cha mchanga! Fundi hakushangaa hata kidogo. Akanikalisha na kunipa shule, na nyingine nikajisomea mwenyewe, kwa hasira.

Kwanza ile namba kubwa. 10,000 mAh inahesabiwa kwa umeme wa seli zilizo ndani, ambao ni volti 3.7, wakati waya unatoa volti 5 au zaidi. Katika kuupandisha, umeme mwingine unapotea kama joto. Kwa hiyo pawabenki ya kweli ya 10,000 haitajaza simu yenye betri ya 5,000 mara mbili kama hesabu ya darasa la tatu inavyosema. Itajaza mara moja na kitu, ukibahatika moja na nusu. Anayekuahidi zaidi anakuuzia maneno. Namba ya kuaminika zaidi ni ya wati-saa, ile yenye alama ya Wh, na unaweza kuihakiki mwenyewe dukani: chukua mAh, gawa kwa 1,000, zidisha kwa 3.7. 10,000 inakupa 37 Wh, na 20,000 inakupa 74 Wh. Kama kifaa hakijaandikwa Wh popote, au zilizoandikwa hazikaribiani kabisa na hesabu hiyo, mrudishie mwenye duka.

Kisha ipime kwa mkono. Umeme huu una uzito, hauna ujanja. Ya 10,000 huwa na gramu 200 hivi, ya 20,000 hucheza kwenye gramu 350 mpaka 450. Pinki yangu ya 50,000 ingekuwa ya kweli ingekaribia kilo nzima! Mimi niliibeba kama biskuti na bado nikafurahi.

Wapenzi wengi wananunua moja kubwa ya familia. Mimi sasa nakataa. Chukueni mbili za 10,000, kila mtu na yake. Uzito ni uleule, na mnagawana mgongoni. Moja ikilowa au ikidondoka kwenye korongo, nyingine ipo. Na yule wa spika amalize yake kwa muziki, asiguse ya mwenzake. Kwa siku nne kama zetu zinatosha kabisa, mradi simu zianze zikiwa zimejaa na mkiwa njiani mziweke kwenye hali ya ndege. Mabondeni simu inahangaika kutafuta mnara, na kuhangaika huko kunakula chaji kuliko picha. Washa jioni, soma ujumbe, wapigie watoto, zima.

Jambo ambalo wengi hawaliulizi dukani ni hili: yenyewe inajaa kwa muda gani? Safari za vijijini mnapata umeme kwa saa chache tu, jenereta inawashwa jioni na kuzimwa watu wakilala. Ukichaji 10,000 kwa ile chaja ya zamani ya wati 5, itachukua saa 8 na zaidi, yaani mtaondoka asubuhi haijafika popote. Yenye tundu la USB-C inayopokea wati 18 au 20, ukiwa na chaja ya nguvu hiyo, inajaa kwa saa 3 hivi. Hapo ndipo pa kuongeza hela, si kwenye rangi. Na waya pia. Waya mbovu unaiponza pawabenki nzuri.

Zile zenye kioo cha sola mgongoni zinapendeza kwenye picha, lakini kioo cha ukubwa wa simu hutoa wati moja au moja na nusu jua likiwa kali. Piga hesabu ya 37 Wh uone ni siku ngapi utakaa umesimama juani. Halafu joto lenyewe linaharibu betri. Shoga yangu anayo, anaitumia kama tochi.

Kwenye baridi, lala nayo. Sitanii. Betri za namna hii zikipoa sana zinatoa kidogo kuliko kawaida, na kuzijaza kwenye baridi chini ya nyuzi sifuri kunaziumiza kabisa. Lushoto haifiki huko, lakini mnaopanga Kilimanjaro mtafika, kwa hiyo usiku wa kwenda kileleni simu na pawabenki zikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ndani ya mfuko wa kulalia ni pa Baba Junior, simu na pawabenki mbili, na tunabanana hivyohivyo.

Kwa mnaokwenda mbali kwa ndege, pawabenki ni ya begi la mkononi, kamwe si la kukabidhi. Mpaka 100 Wh hakuna ruhusa maalumu inayohitajika, kati ya 100 na 160 unaomba kibali cha shirika, zaidi ya hapo hairuhusiwi. Pinki yangu kwa maandishi yake ya uongo ilikuwa 185 Wh, ingechukuliwa uwanjani kwa uongo wake mwenyewe! Tangu ndege ya Air Busan iungue uwanjani Korea Kusini Januari 2025, na uchunguzi ukaielekea pawabenki, mashirika yamekaza. Emirates kuanzia tarehe 1 Oktoba 2025 inaruhusu moja tu kwa abiria, na ni marufuku kuitumia ndani ya ndege. Uliza shirika lako kabla ya kufunga begi. Na usidhani jina kubwa linamaliza kila kitu: Juni 2025 Anker waliita zirudishwe pawabenki zaidi ya milioni moja zilizouzwa Marekani, za aina moja ya 10,000, kwa hofu ya moto. Heri yao walioita. Wa kwangu wa mchanga hajaniita mpaka leo. Ikivimba, ikinuka au ikipata joto la ajabu, usiihurumie, iache.

Kwenye kipochi changu cha safari sasa kuna pawabenki mbili nyeusi, mbaya kwa sura, kitochi cha shilingi elfu thelathini kilichochajiwa, na fremu za plastiki za laini, zile za kuifanya ndogo iwe kubwa. Kama laini yako ni ya kidijitali, isiyo na kadi, kitochi cha kijana wa watu kisingekusaidia, kwa hiyo wewe ndiye unayehitaji hasa karatasi. Yangu ina namba sita kwa wino, nimeikunja nyuma ya kitambulisho.

Namba ya mama mkwe nimeshaikariri. Yangu Baba Junior anaijaribu kila jioni akiwa anakula, na bado zile mbili za mwisho anazigeuza.