MASHINE IKIFA, MAMA AENDE WAPI?

Ndugu msomaji, wewe unayeuza mitumba Kariakoo huku mama yako akilima tangawizi kule Mamba, Same, habari hii inakuhusu. Usipindue ukurasa kutafuta mpira kwanza.

Mungu apishe mbali, lakini siku mama akiambiwa ana saratani ya shingo ya kizazi na anahitaji mionzi, jua hiyo si dawa ya kupigwa mara moja ukarudi nyumbani. Mara nyingi ni siku tano kwa wiki, kwa wiki tano hivi. Ikikatika katikati, anayepata nafuu ni uvimbe, si mama. Kwa miaka mingi Mpare huyu ameshuka mlima na kupanda basi zaidi ya kilomita 400 mpaka Ocean Road, Dar. Mwenyeji wake ni wewe, chumba kimoja, godoro chini.

Sasa mashine ikifa wiki ya tatu?

Usiseme haiwezekani. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi ya Uganda nzima, pale Mulago, Kampala, ilikufa. Ilikuwapo tangu 1995! Aga Khan ya Nairobi ikajitolea kutibu Waganda 400 bure. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki likachangia kununua mpya, iliyozinduliwa Januari 2018. Hesabu mwenyewe wagonjwa walisubiri muda gani.

Majirani tunawapongeza. Tunachogomba ni kwamba msaada ulitafutwa mashine ikiwa imeshakufa. Nasi tusijidai wajanja. Chanzo cha kobalti hupungua nguvu kwa nusu kila miaka mitano na ushee, nacho huagizwa ng'ambo. Mwaka 2020 sote tuliona Corona ilivyosimamisha ndege. Kigogo ana India yake. Mlalahoi je? Bugando ya Mwanza ipo, lakini ina foleni yake ya Kanda ya Ziwa.

Serikali za Tanzania, Kenya na Uganda ziandikiane sasa, mashine zikiwa nzima: ya kwetu ikisimama nani anapokea wagonjwa, wangapi, nauli na malazi juu ya nani, na faili linavukaje Namanga bila mgonjwa kuanza vipimo upya. Kutoka Same, Nairobi na Dar hazipishani sana kwa umbali. Kinachomzuia mama ni mpaka na bili.

Desemba ukipanda Upare kula sikukuu, mbunge akija kupiga picha na wazee, muulize makubaliano hayo yako wapi. Akikujibu kwamba yanashughulikiwa, muulize na tarehe.