Tusikimbilie kukata kitovu cha mtoto aliyezaliwa mbele ya wakati

Kwetu Bunyakiri, mama akishikwa na uchungu katika mwezi wa saba, nyumba nzima inaingiwa na woga. Kila mtu anajua njia ilivyo: karibu kilometa 80 mpaka Bukavu, kupitia pori la Kahuzi-Biega, na mvua ikinyesha gari linalala katika matope. Mara nyingi mtoto hangojei gari. Anazaliwa hapa hapa, kwenye kituo cha afya, mdogo sawa kifaranga.

Kinachofuata wengi wetu tumekiona. Mkunga anataka kumwokoa mtoto haraka. Mbele mtoto hajalia mara ya pili, pensi zimebana kitovu, makasi imepita. Anafanya vile kwa nia nzuri. Lakini haraka ile inamnyima mtoto damu yake mwenyewe.

Tuelewane vizuri. Mtoto akitoka, sehemu ya damu yake ingali ndani ya kondo la nyuma. Kwa mtoto ambaye hajatimiza miezi, sehemu hiyo ni kubwa kupita ya mtoto aliyetimia. Kitovu kikiachwa kidogo, damu inaendelea kumfikia wakati mapafu yake yanafunguka. Kikikatwa palepale, damu inabaki katika kondo, na kondo linakwenda shimoni. Siku za nyuma tunaanza kutafuta mtu wa kumchangia mtoto damu!

Shirika la Afya Duniani, OMS, linashauri kungoja angalau dakika 1. Mwaka 2023, jarida la waganga The Lancet lilitoa hesabu ya majaribio 20, yenye watoto zaidi ya 3,000 waliozaliwa mbele ya wakati. Kwa wale ambao kitovu chao kilicheleweshwa, hatari ya kufa ilipungua karibu theluthi moja. Hesabu nyingine iliyotoka pamoja nayo ilionyesha kwamba kungoja dakika 2 au zaidi kunaweza kuwa bora tena. Ni kweli, majaribio mengi yalifanyika katika hospitali zenye vyombo kuliko vyetu. Lakini kungoja hakuombi umeme, wala mafuta ya jenereta, wala franga.

Wengine watauliza: je, mama hatatokwa na damu nyingi? Uchunguzi haukuonyesha hivyo. Sindano ya ositosini inachomwa kama kawaida, hata kitovu kingali kizima. Na baridi? Mtoto apanguswe, alazwe juu ya tumbo la mama, afunikwe kitambaa kikavu na kofia. Kama hapumui, asuguliwe mgongo. Akikataa bado, hapo kitovu kikatwe na apewe hewa kwa maski bila kukawia. Mama akiwa anavuja damu sana, pia hakuna kungoja. Kwa hiyo hatusemi mkunga afunge macho. Tunasema asikate kwa mazoea tu.

Mazoea hayo hayakutoka hewani. Wakunga wengi walisoma wakati ambapo kukata palepale kulihesabiwa kuwa njia ya kumkinga mama asitokwe na damu. Mafundisho yalibadilika, lakini kwetu yanafika polepole. Haiko kosa lao peke yao.

Ndiyo maana ninaomba wakubwa wa zoni ya afya ya Bunyakiri mambo mawili madogo. Kwanza, saa ya ukutani katika kila chumba cha kuzalia, ju mtu mwenye woga hawezi kupima dakika kichwani. Pili, kwenye rejista kuandikwe dakika ambayo kitovu kilikatwa, na jambo hilo liulizwe katika mkutano wa kila mwezi. Kisichoandikwa kinasahaulika.

Na ninyi wamama wakwe, shangazi na wababa mnaongoja nje: mkiona mkunga ametulia na kitovu bado hakijakatwa, msipige kelele kwamba amelala. Anafanya kazi.

Dakika moja haichukui nafasi ya oksijeni, wala ya barabara. Hayo tutaendelea kuyadai kwa serikali. Lakini mtoto anayezaliwa usiku wa leo Bulambika hawezi kungoja barabara itengenezwe. Damu yake iko pale, tumwachie.