Paa la Nyumba ya Mirathi Linapovuja



Shangazi yangu anaishi Ulaya. Si ile Ulaya ya ng'ambo wanayoiota vijana wetu, bali Ulaya yetu ya wilayani Kilosa, kwenye njia iendayo Mikumi. Nilimzuru masika ya mwaka jana, nikakuta mabeseni matatu na sufuria moja sakafuni mwa chumba chake cha kulala. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi mlangoni, na msahafu wake umefungwa kwa karatasi ya nailoni juu ya kabati. Nilipomuuliza hali hiyo imeanza lini, alijibu kwa sauti ya chini, "Mwaka wa nne huu, mwanangu. Usiwaambie wenzako. Nyumba ya marehemu haisemwi vibaya."

Nyumba hiyo aliijenga marehemu mumewe. Upande wa mbele aliezeka mabati. Upande wa nyuma, penye vyumba viwili na ukumbi mdogo, alimwaga slabu ya zege, kwani alikusudia kupandisha ghorofa. Mauti yakamtangulia. Nondo zikabaki zimesimama juu ya paa, zikingoja nguzo ambazo hazikuja.

Aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na binti mmoja. Wazazi wake walikwisha kufariki kabla yake. Nyumba haikugawanywa. Mtoto wa kwanza, aliyeko Dar es Salaam, alisema kwamba mgao ufanyike kwanza ndipo kila mtu ajue anatengeneza chake. Wa pili, aliyeko Morogoro, alisema hawezi kuanza kabla ya kaka yake. Binti, aliyeolewa Mikumi, alinyamaza kwa kuchelea kuonekana anadai. Ilhali wao wanangojana, maji hayakumngoja yeyote.

Nakiri kwamba amana ile ya siri sikuiweka. Nilipiga simu tatu usiku uleule. Lakini kabla ya kufika kwenye fedha, natutazame kwanza kwa nini paa lile lilivuja, maana familia nyingi hutoa fedha mara nne kwa kutojua jambo hili moja.

Kila mwaka shangazi alimwita fundi wa jirani, naye alipaka uji wa saruji juu ya nyufa. Uji huo ulidumu miezi michache. Sababu yake ni nyepesi. Zege hutanuka mchana kwa jua na kusinyaa usiku kwa baridi, na ufa hufunguka na kujifunga pamoja nalo. Saruji iliyopakwa nyembamba ni kavu, haivutiki. Hupasuka palepale ilipopakwa. Zaidi ya hayo, ufa haukuwa ndio ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa ni maji kusimama juu ya paa. Slabu ile ilimwagwa ili iwe sakafu ya ghorofa, ikasawazishwa kama sakafu, bila mteremko. Maji yanayotembea huupita ufa mdogo. Maji yaliyosimama siku tatu huutafuta hata ule usioonekana kwa macho.

Wazee wetu walilijua hilo. Tembe za Wagogo, zenye paa la udongo juu ya miti, huishi vizuri katika ukavu wa Dodoma, na hata huko mwenye tembe hupanda juu kabla ya mvua kuongeza udongo na kuziba mianya. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba nyingi za mawe zilizokuwa na mapaa bapa ya chokaa juu ya boriti za mikoko ziliezekwa mabati ya mteremko baadaye, kwa sababu ya mvua. Nao watu wa Kilosa hawahitaji kufundishwa nguvu ya maji: mafuriko ya Mto Mkondoa ya mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010 yaliwaondoa maelfu majumbani mwao na kuiharibu reli. Kwa hiyo anayejenga paa bapa katika nchi ya mvua hana budi kuyapa maji njia ya kutokea. Kuziba ni kazi ya pili. Kuyaondoa ndiyo ya kwanza.

Fundi tuliyemleta alifika mwezi wa saba, kiangazi kimeshika. Hakufungua mfuko wa saruji siku ile. Aliingia kwanza vyumbani, akaigonga dari ya zege kwa mpini wa nyundo mahali baada ya mahali. Penye sauti kamili zege ni zima. Penye sauti ya uwazi nondo zimeanza kula kutu, na kutu hutanuka ikalisukuma zege lidondoke. Kwa bahati njema alipata sehemu moja tu, yenye ukubwa wa sinia. Angalikuta dari imebonyea au nondo zimejitokeza pengi, angalitutaka tumwite mhandisi kwanza. Slabu iliyochoka haiongezewi mzigo.

Kisha akapanda juu, akaziba tundu la kutolea maji, akaagiza madumu 60 ya lita 20. Paa lina urefu wa mita 8 na upana wa mita 5. Lita 1,200 zililifunika kwa kina cha sentimita 3. Huo ni uzito wa zaidi ya tani moja, ndiyo maana aligonga kabla ya kumwaga. Tulikaa chini tukitazama. Maji hayakutokea penye ufa uliopakwa saruji kila mwaka. Yalitokea penye shina la nondo zile zilizosimama, na katika kona ambapo paa linakutana na ukuta mfupi wa ukingoni. Doa la darini lilikuwa mbali na tundu kwa zaidi ya mita moja, kwa kuwa maji hutambaa ndani ya zege kabla ya kudondoka. Miaka minne tulikuwa tukimtibu asiye mgonjwa.

Hapo ndipo palipotokea ugumu ambao sikuutarajia. Fundi alisema nondo zikatwe na kufunikwa, ama, kama familia bado inataka ghorofa, zijengewe vichwa vifupi vya zege vitakavyopanda juu ya kinga ya maji. Binamu yangu mkubwa alisita. Kuzikata nondo kwake kulikuwa kama kumzika baba mara ya pili. Shangazi ndiye aliyelikata shauri: "Zikateni. Baba yenu alitaka watu walale pazuri. Hakutaka nondo."

Kazi yenyewe ilikwenda kwa utaratibu huu, nami naueleza ili uufahamu utakapozungumza na fundi wako. Paa lilisuguliwa na kuoshwa, lipu iliyolegea ikabanduliwa, na ile sehemu yenye kutu ikatengenezwa kwanza. Pakamwagwa tabaka la mchanga na saruji lenye mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, likielekea kwenye tundu la maji, nalo likapimwa kwa pimamaji badala ya jicho. Kona zote za ukutani zilijazwa mshazari wa saruji, maana karatasi ya lami ikikunjwa kwa pembe kali hukatika. Tabaka lilimwagiliwa maji siku saba lipate nguvu, kisha likaachwa likauke kabisa. Lami haishiki penye unyevu.

Baadaye ikapakwa lami nyepesi ya kutangulizia, zikafuata karatasi za lami zilizoyeyushwa kwa moto wa gesi. Fundi alianzia upande wa chini akapanda, kila karatasi ikiilalia mwenziwe kwa sentimita 10, kama magamba ya samaki, ili maji yasikute mdomo ulio wazi. Karatasi zilipandishwa ukutani sentimita 15, na ncha zake zikafukiwa ndani ya lipu. Mwisho pakapakwa rangi ya fedha, kwa sababu jua huikausha lami ikapasuka. Bomba la kutolea maji lilibadilishwa kuwa pana zaidi na kuwekewa wavu wa kuzuia majani ya mwembe.

Sasa tuje kwenye fedha. Gharama yote ilifika shilingi 1,600,000. Nani alipe? Masheikh wetu hufundisha kwamba matengenezo ya lazima ya mali ya shirika huwa juu ya washirika, kila mmoja kwa kadiri ya fungu lake; anayestahiki faida hubeba na mzigo. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, yaani 200,000. Zilizobaki, 1,400,000, hugawanywa mafungu matano: kila mtoto wa kiume mawili, ambayo ni 560,000, na binti moja, ambalo ni 280,000. Hesabu hiyo iliandikwa kwenye karatasi moja mbele ya wote, na ugomvi wa miaka minne ukamalizika kabla chai haijapoa. Watoto wa kiume walilibeba fungu la mama yao, kwani mama asiye na kipato ana haki ya kutunzwa na wanawe. Binti wa Mikumi, aliyekuwa amenyamaza, ndiye aliyetoa lake kwanza.

Ndugu msomaji, kama mirathi yenu haijagawanywa, igawanyeni. Kuichelewesha ni mlango wa dhulma. Ila paa haliwezi kusubiri mgao. Andikeni mafungu, tengenezeni, kisha muendelee na mgao. Na fundi naye aandikiwe: kazi gani, vifaa gani, malipo kwa awamu, na awamu ya mwisho itolewe baada ya paa kumwagiwa maji na kuachwa saa 24 pasionekane tone. Fundi mwaminifu hatalikataa sharti hilo. Wetu alilitaka mwenyewe. Kisha kila mwaka, kabla ya mvua, mmoja wenu apande na ufagio kusafisha wavu.

Mvua za kwanza zilinyesha mwezi wa kumi na moja. Nilimpigia shangazi alfajiri nikamwamkia. Aliniambia hakulala vema. Aliamka mara tatu usiku kusikiliza. Hakusikia tone. Hata hivyo mabeseni alikuwa bado ameyapanga palepale sakafuni. "Niache kwanza," alisema, "niione na masika."

Masika hayo yamekwisha. Juma lililopita binti yake alinijulisha kwamba mabeseni yamerudi jikoni, na kitanda kimerudi mahali pake.

Tukutane juma lijalo, inshaallah. Wallahu a'lam.