.405 au .35? Kwanza Niambie Nani Aliruhusiwa Kuwinda

Wiki iliyopita niliweka video fupi nikiwa stesheni ya Mazeras. Nilisema Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani, alipita hapa kwa treni Aprili 1909 akitoka Mombasa kwenda bara kuwinda. Nikataja kwamba kati ya bunduki zake ilikuwepo Winchester 1895, ile ya kukoki kwa wenzo ulio chini ya kifyatulio.

Weee! Komenti zikamiminika. Hakuna aliyeuliza habari ya Mazeras, wala Rabai, wala waliokuwa wakiishi hapa treni ikipita. Wote ni bunduki tu: ukipewa ile Winchester leo uchague risasi, utachukua kipimo cha .405 au cha .35? Hadi kuna wawili wametukaniana mama.

Haya, najibu, msije mkasema nimekwepa.

Zote mbili ni adimu. Ya .35 ilitoka 1903, ya .405 ikafuata 1904. Kichwa cha .35 kina uzito wa kama gramu 16, cha .405 kinapita gramu 19, na mwendo wao vikitoka mdomoni mwa bunduki karibu ni mmoja. Kwa hiyo .405 inagonga zaidi kule mbele na inakupiga teke zaidi huku begani. Roosevelt aliibeba .405, na kwa simba aliisifu kama dawa. Hata mimi ningechukua hiyo, lakini sababu yangu si simba. Risasi za .35 viwanda viliacha kuzitengeneza zamani sana, lakini .405 ilifufuliwa miaka ya 2000, bunduki yenyewe ilipotolewa upya. Mwenye .35 leo itabidi akae ajijazie risasi mwenyewe kama fundi. Ukichagua kipimo adimu, usianze na nguvu. Anza na swali moja: hii ikiisha, nyingine nitaipata wapi?

Nimejibu. Sasa na nyinyi mnisikilize.

Mnabishana kama vile kesho asubuhi mnaingia porini. Porini wapi? Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, kabla hata wazazi wa wengi wenu hawajaoana. Bunduki yenyewe bila cheti cha serikali ni jela. Huo ubishi wenu basi ni wa viatu vya mtu mwingine, na miguu yenu haitaingia humo. Kubishana kwa raha sina neno, hata mimi hubishana mpira. Kinachoniuma ni maneno mnayotumia. Mzungu mwenye .405 mnamwita "mwindaji", "legendi". Mzee wa hapa mwenye uta mnamwita "jangili". Nimehesabu, komenti kumi na moja.

Tuhesabu basi na wanyama. Roosevelt na mwanawe Kermit, kwa orodha aliyoichapisha mwenyewe, waliua wanyama 512 katika safari ile: baba 296, mwana 216. Humo mna simba 17, ndovu 11 na faru 20. Yote kwa ruhusa, na karamu juu.

Sasa njoo kwa Waata, jirani zetu wa kule nyuma ya Malindi hadi Tsavo, wale ambao vitabu vya kikoloni viliwaita Waliangulu. Mwaata alimwendea ndovu kwa miguu, akitambaa kinyume na upepo, mpaka hatua chache tu. Uta wake ulikuwa mzito, kuuvuta ni nguvu za zaidi ya kilo 45. Mshale ulipakwa utsungu, sumu inayochemshwa kutoka kwa msunguti hadi iwe nyeusi kama lami, kisha unafungwa ngozi ili sumu isikauke na isimkwaruze mwenyewe. Sumu hiyo inasimamisha moyo ikiingia kwenye damu, ila nyama inalika. Na wao walikuwa na mjadala wao wa vipimo: uta upi, mshale upi, sumu ya lini. Tofauti ni kwamba Mwaata akikosea hesabu, ndovu yuko hapo hapo mbele yake.

Mwaka 1948 Tsavo ikawa mbuga ya taifa. Kufikia miaka ya 50 askari wa wanyama walikuwa wanawafuata Waata kijiji kwa kijiji, na wengi wakaishia gerezani. Ujuzi uleule ambao baba zao waliwarithisha, ukawa kesi. Miaka hiyohiyo mgeni mwenye pesa za leseni alikuwa anaendelea kupiga ndovu na kupiga picha.

Najua mtakachosema. "Roosevelt alikuwa anakusanyia makumbusho." Kweli, vitu vingi vilikwenda Smithsonian. "Waata walikuwa wanauza pembe." Kweli pia, na walionunua na kutajirika ni matajiri wa mjini, ambao hawakukimbizwa na mbwa. Mimi sisemi Mwaata alikuwa malaika. Wala sisemi turudi kuwinda, ndovu waliobaki waacheni waishi. Nasema kama kuua ndovu ni kosa, liwe kosa la bunduki na la uta. Na kama ni ushujaa, pia uwe wa wote. Huwezi kupima huyu kwa pishi na yule kwa kibaba.

Babu yangu alikuwa na uta. Hakuwahi kuua kitu kikubwa, ni wa kulinda shamba tu. Akija mgeni asiyemjua, aliuchomeka ndani ya makuti ya paa. Mimi mtoto nikidhani ni mchezo. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba mzee alikuwa anaogopa, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa sababu ya kijiti na kamba.

Leo uta haupo, na nyani wanajua haupo. Msimu uliopita waliingia kwa shamba la mama mchana kweupe, mahindi yakaisha mistari mizima, naye kasimama na kopo la bati akilipiga. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inazungumzia fidia, hadi milioni 5 mtu akiuawa. Nikaenda ofisi moja, sitaitaja. Nikaulizwa mnyama gani, nikaandikishwa, nikaambiwa nisubiri. Bado nasubiri, na mama keshapanda tena.

Kuhusu hilo sikuona komenti hata moja. Mnajua uzito wa risasi ya 1904 kwa gramu, lakini hamjui jirani yenu alipoteza magunia mangapi. Mnajua jina la bunduki ya rais wa Marekani, na hamjui uta wa babu yenu uliitwaje.

Wazee wanaojua kuchonga uta wamebaki wa kuhesabu. Wakiondoka, tutabaki na kumbukumbu za Roosevelt peke yake, kwa sababu yeye aliandika kitabu. Nyote mna simu. Nendeni mkawarekodi. Namna ya kupika sumu acheni, sitaki mtu afe kwa ajili ya kontenti, lakini mti uliochaguliwa, kamba, jinsi ya kusimama na jinsi ya kusoma upepo, hayo yote ni halali kuyajua.

Jumamosi naenda Kisurutini kwa mzee mmoja aliyekubali kuongea. Anayetaka kuja aniambie, nauli kila mtu ajilipie. Watu wa .35 mnakaribishwa pia.