Barua kwa Walio Nyumbani: Mzazi Mbele ya Katiba ya Marekani

Katiba ya Marekani haimtaji mzazi hata mara moja. Haki ya baba na mama kulea watoto wao waliichimbua majaji, kutoka Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868, yanayolikataza jimbo kumnyima mtu uhuru wake bila kufuata sheria.

Kesi iliyofungua njia ilihusu lugha. Mwaka 1919, chuki dhidi ya Wajerumani ikiwa haijapoa baada ya vita, jimbo la Nebraska lilikataza shule kumfundisha lugha ya kigeni mtoto ambaye hajavuka darasa la nane. Mwaka uliofuata Robert Meyer, mwalimu wa shule ya Kilutheri, alikutwa akimsomesha mtoto wa miaka 10 hadithi ya Biblia kwa Kijerumani, akatozwa faini ya dola 25. Mwaka 1923 Mahakama ya Juu ilitengua adhabu hiyo, ikasema uhuru wa mtu ni pamoja na kulea watoto wake na kuwatafutia elimu. Madarasa ya Kiswahili ya Jumamosi, ambako watoto waliozaliwa ughaibuni hujifunza kuamkia wakubwa shikamoo, yanakingwa na hukumu hiyo.

Mwaka 1925 sheria ya Oregon iliyowalazimisha watoto kusoma shule za umma nayo ilianguka. Mpaka wa haki hiyo uliwekwa 1944, pale mlezi aliyetoka usiku na binti wa miaka 9 kugawa majarida ya dini barabarani, huko Massachusetts, aliposhindwa kesi.

Hukumu ya mwaka 2000 ndiyo itakayowasumbua wazee. Katika jimbo la Washington, baba wa mabinti wawili alifariki, na mama yao akataka wawe wanawatembelea wazazi wa marehemu kwa siku chache tu. Hakimu aliwapa babu na bibi wikiendi moja kwa mwezi, wiki moja ya kiangazi, na muda wa saa nne katika siku ya kuzaliwa ya kila mmoja wao. Mahakama ya Juu ilimpa ushindi mama: uamuzi wa mzazi anayelea vizuri lazima uheshimiwe, hakimu asijifanye mzazi badala yake. Kwa jamii ambayo mjukuu hulala kitanda kimoja na bibi yake, hilo ni gumu kumeza.

Kwa kulinganisha, Katiba ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 53, inaanza na mtoto. Yeye ndiye mwenye haki ya kutunzwa na kulindwa na wazazi, na baba na mama wanabeba wajibu sawa, wawe wameoana au la.

Majimbo ya Marekani yana sheria za kuwawezesha bibi na babu kuomba kuwaona wajukuu, ila ombi hupimwa dhidi ya neno la mzazi. Bibi anayeachiwa wajukuu huko moja kwa moja anahitaji hati ya ulezi kutoka mahakama ya jimbo. Damu peke yake haimpi mamlaka ya mzazi.