Jaji Chande na Ushahidi wa Mwanakijiji

Wazee wa Nyakahanga hawahitaji kusimuliwa maafa ya Rwanda. Mwaka 1994 wakimbizi walifurika Karagwe, na pamoja na wanyonge waliingia pia waliomwaga damu. Nani angewapambanua, ikiwa si mahakama?

Katika kazi hiyo yumo Mtanzania mwenzetu, Jaji Mohamed Chande Othman. Alikuwa miongoni mwa viongozi wa waendesha mashtaka katika Mahakama ya Rwanda, Arusha. Mwaka 2000 akawa Mwendesha Mashtaka Mkuu wa Timor ya Mashariki, nchi iliyoteketezwa mwaka 1999 baada ya kupiga kura ya kujitenga na Indonesia. Ndugu zetu wa visiwani wanajua jinsi kisiwa kinavyosahauliwa upesi, hiki hakikusahauliwa. Desemba 2001, katika kesi ya Los Palos, washtakiwa 10 walitiwa hatiani.

Baadaye alikuwa Jaji Mkuu wetu, tangu 2010 hadi 2017. Cheo hicho si haba. Lakini mashtaka makubwa namna hiyo husimama juu ya maneno ya raia wa kawaida aliyethubutu kusema alichokiona. Huyo ndiye ambaye baadhi ya maofisa wetu, afikapo na ushahidi wake mkononi, humwambia arudi kesho.